Je, NASA imeshaweza kukunja anga?

Hapana, aliyekuambia NASA tayari ina injini ya kukunja anga na kuipita kasi ya mwanga amekupotosha. Kilichopo ni hesabu. Mwaka 1994 Miguel Alcubierre, mwanafizikia wa Meksiko, alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein haikatazi anga kusinyaa mbele ya chombo na kutanuka nyuma yake. Chombo chenyewe kinatulia ndani ya kiputo cha anga hiyo. Kinachosogea ni anga, kwa hiyo hakuna mahali ambapo chombo kinaushinda mwanga ulio kando yake. Wazo zuri sana, nalipenda hadi leo.

Kikwazo ni kwamba kiputo hicho kinadai nishati hasi, yaani nishati iliyo chini ya sifuri, tena kwa wingi wa kutisha. Kinachokaribia hapo katika maabara ni athari ya Casimir, yaani mvutano hafifu mno kati ya vibamba viwili vya metali vilivyosogezwa karibu sana kwenye ombwe. Basi.

Jaribio linalotajwa sana ni la mtafiti Harold White, katika kituo cha NASA kule Houston, miaka ya 2010. Aligawa mwale wa leza mara mbili, akapitisha mmoja pale alipotarajia anga ijikunje kidogo mno, kisha akaiunganisha tena aone kama mawimbi yamepishana. Matokeo hayakuthibitisha chochote.

Mwaka 2021 watafiti Alexey Bobrick na Gianni Martire walichapisha aina ya kiputo kisichohitaji nishati hasi, ila husafiri chini ya kasi ya mwanga. Mimi ningeanza kufuatilia hicho.