Kabla ya kuagiza polima nyingine: jibu kwa aliyeuliza kuhusu seli za jua za P3HT

Ndugu aliyeanzisha uzi huu ameuliza swali ambalo hata mimi lilinisumbua karibu mwaka mzima wa masomo yangu ya uzamili: kwa nini seli zake za jua, alizozitengeneza kwa mchanganyiko wa polima (molekuli ndefu kama mnyororo) ya P3HT na fulereni (molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira) ya PCBM, hazivuki ufanisi wa asilimia 1, yaani sehemu ya nishati ya mwanga inayogeuzwa umeme, ilhali machapisho ya watu waliotumia vitu hivyohivyo yanataja asilimia 3 hadi 5. Anauliza pia kama aagize polima ya aina nyingine. Ushauri wangu ni kwamba asiagize chochote kwanza, kwa sababu tatizo la namna hii mara nyingi limo katika jinsi molekuli zilivyojipanga ndani ya utando, yaani tabaka jembamba la mchanganyiko huo.

Katika silikoni, ambayo ndiyo malighafi ya seli za jua za kawaida, mwanga ukishafyonzwa, elektroni huachana na tundu lake (nafasi yenye chaji chanya inayoiacha nyuma) kwa urahisi na kila kimoja hushika njia yake. Polima haina uwezo wa silikoni wa kupunguza mvutano wa chaji, kwa hiyo elektroni na tundu hubaki vimeng'ang'aniana kama jozi iitwayo eksitoni, na jozi hiyo husafiri umbali wa takriban nanomita 10 tu kabla ya kufa. Isipokutana na mpaka wa fulereni ndani ya umbali huo, mwanga ule umepotea bure. Lakini utando wenye unene wa nanomita 10 hauwezi kufyonza mwanga wa kutosha. Unahitajika unene wa nanomita 100 au zaidi. Ndiyo maana seli ya tabaka mbili aliyoitangaza Ching Tang mwaka 1986 iliishia kwenye asilimia 1 hivi, na ndiyo maana kundi la Alan Heeger kule Santa Barbara, mwaka 1995, liliamua kuvichanganya vitu viwili hivyo ndani ya utando mmoja ili mpaka uwe kila mahali.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mchanganyiko ukilainika mno kama uji, eksitoni zitavunjika vizuri, lakini elektroni na matundu hayatapata njia ya kutokea na yatarudiana humohumo. Ukiwa kama kande, punje za mahindi upande wake na maharage upande wake, njia zitakuwepo, ila eksitoni nyingi zitafia katikati ya punje. Mwaka 2001 watafiti wa Linz, Austria, walionyesha jambo hili kwa polima iliyotangulia P3HT kutumika sana: walibadili kiyeyushi tu, kutoka toluini hadi klorobenzini, na ufanisi ukapanda kutoka karibu asilimia 0.9 hadi 2.5. Katika toluini fulereni ilikuwa imejikusanya katika mabonge makubwa.

Sasa niseme yaliyonipata mimi. Tulikuwa na chupa mbili za P3HT kutoka kwa wauzaji wawili, zenye lebo zinazofanana kwa jina, na nikazitumia kana kwamba ni kitu kimoja. Zilipoyeyushwa, zote zilikuwa na rangi ya chungwa. Baada ya kuzungushwa juu ya kioo na kukauka, utando wa chupa ya kwanza uligeuka zambarau iliyoiva, na ule wa pili ukabaki na rangi ya chungwa vilevile. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba rangi ile ilikuwa inanieleza kila kitu. Kila pete ya P3HT ina mkia wa kaboni sita. Mikia ikielekea upande mmoja kwa mpangilio, minyororo hunyooka na kulaliana kwa umbali wa takriban nanomita 0.38, na matundu hupita kutoka mnyororo hadi mnyororo. Mikia ikienda shaghalabaghala, minyororo hujipinda, fuwele hazijengeki, na rangi haibadiliki. Chupa ya pili haikunipa hata nusu ya mkondo wa umeme wa ile ya kwanza.

Kupasha joto kunafuata. Utando uliokauka haraka huwa haukupata nafasi ya kujipanga, hasa ukitumia klorofomu, ambayo huruka upesi. Mwaka 2005 kundi hilohilo la Santa Barbara lilifikia asilimia 5 kwa kupasha seli joto la nyuzi 150 za Selsiasi kwa dakika 30, baada ya kuweka elektrodi ya alumini. Mwaka huohuo watafiti wengine waliukausha utando polepole na kupata zaidi ya asilimia 4. Njia zote mbili zinaipa minyororo muda wa kutulia. Muda huo nao una kikomo: siku moja niliziacha sampuli kwenye hotipleti nikaenda kula, maongezi yakanoga, na niliporudi baada ya saa mbili na zaidi niliona kwa hadubini ya kawaida kabisa sindano za PCBM zimeota kila upande. Kitu kinachoonekana kwa hadubini ya kawaida ni kikubwa mara makumi au hata mamia kuliko nanomita 10, na mkondo wa seli zile ulishuka ipasavyo.

Ni kweli P3HT ina ukomo wake, kwani haifyonzi mwanga uliovuka nanomita 650 hivi, na polima mpya zikichanganywa na molekuli ya Y6, inayochukua nafasi ya fulereni na iliyotangazwa mwaka 2019, zilifikia asilimia 15.7 mwaka uleule. Lakini Y6 nayo inategemea mpangilio wa molekuli, tena ni ghali. Anayeshindwa kuupanga utando wa P3HT ataipoteza fedha yake kwa haraka zaidi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, pima ufyonzaji wa mwanga wa utando mmoja kabla na baada ya kuupasha joto, kisha uweke mchoro hapa pamoja na jina la kiyeyushi, kasi ya mzunguko, uwiano wa mchanganyiko na muda uliotumia. Kibega, yaani kinundu kidogo kwenye mchoro wa ufyonzaji, cha karibu nanomita 600 kisipoonekana hata baada ya joto, tutaanza na chupa ya polima yenyewe. Kikionekana na mkondo bado ni mdogo, tutatazama upande wa fulereni.