Picha Imekauka Juu, Ndani Bado Mbichi

SWALI: Msanii mmoja wa Mbeya ananiuzia picha dhahania (isiyoonyesha kitu halisi) ya rangi ya mafuta, sentimita 90 kwa 120, rangi nene zilizopakwa kwa kisu. Aliimaliza wiki tatu zilizopita na ukiigusa haishiki mkononi. Anataka kuivua kwenye fremu, aiviringishe, anitumie kwa basi. Nikague nini kabla ya kulipa? – Msomaji, Iringa

JIBU: Kwanza, asiiviringishe. Rangi ya mafuta haikauki kwa kuvukiza maji. Mafuta ya kitani yaliyomo hunyonya oksijeni hewani na kugeuka utando mgumu, kuanzia juu kwenda chini. Palipopakwa kwembamba hukauka kwa siku chache hadi wiki mbili, lakini tuta la milimita tano huweza kubaki laini ndani kwa miezi, na baridi ya Juni na Julai huko Mbeya huongeza ucheleweshaji. Ikiviringishwa sasa, utando wa juu utapasuka. Omba ruhusa, bonyeza kwa ukucha pembeni penye tuta nene: pakibonyea, bado.

Kisha igeuze, maana mgongo wa picha hausemi uongo. Madoa ya kahawia yaliyopenya yanaonyesha kitambaa hakikupakwa praima (rangi ya msingi) ya kutosha; mafuta yakigusa nyuzi huzidhoofisha polepole. Pima kwa futi kona hadi kona: vipimo viwili vilingane. Ilaze mezani, kona moja ikinyanyuka, mbao ilipigiliwa haijakauka. Paini ya Sao Hill, shamba la miti la Mufindi, haina ubaya, ila mbichi hujipinda na kuvuta kitambaa pamoja na rangi.

Uliza pia kama rangi ni ya tyubu, ile ya wasanii, au ya kopo. Ile ya kopo, ya kupakia mageti, nayo huitwa rangi ya mafuta, na ndiyo aina aliyotumia mchoraji Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Si feki, ila usiilipie bei ya tyubu.

Isafiri ikiwa kwenye fremu yake. Usoni iwekwe karatasi ya kuokea, si nailoni, kwani nailoni hugandia rangi mbichi. Kona zifungwe maboksi, na kwenye buti la basi isimame wima, mbali na magunia ya viazi. Vanishi isubiri miezi sita hadi kumi na miwili. Na kwa kuwa ni dhahania, msanii aandike nyuma jina, mwaka na mshale wa upande wa juu. Hili watu hulipuuza, halafu wanabishana ukutani.

SWALI: Picha yangu ilifungiwa stoo mwaka mzima, sehemu nyeupe zimekuwa njano. Niisugue na sabuni?

JIBU: Usisugue, wala usitumie kiazi kilichokatwa kama wengine wanavyoshauri, wanga hubaki kwenye mikwaruzo na kukaribisha ukungu. Mafuta ya kitani hugeuka njano gizani. Iweke chumba chenye mwanga wa dirisha, isipigwe na jua moja kwa moja. Ndani ya wiki kadhaa sehemu kubwa ya unjano huo hupungua.