Kausha miguu kwanza, kivuli baadaye

Mwaka wa kwanza nilipopata mashua yangu, nilimpakia mama mkwe kutoka Lamu mjini kwenda Faza, kisiwani Pate. Chombo nilikuwa nimekisugua, nimekipaka rangi, nimetundika na turubai jipya la buluu. Aliposhuka, buibui lake lilikuwa limelowa mpaka magotini. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, umenipandisha beseni." Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Mashua yenyewe ni ya mbao, futi 22, tanga na injini ya nguvu za farasi 15. Chombo cha mbao huingiza maji hata kikalafatiwe vipi, yaani hata nyufa zake zizibwe kwa pamba na mafuta. Kikikaa juani wiki moja mbao husinyaa, kikirudi majini huchukua siku mbili tatu kuvimba na kujiziba. Maji hayo hukaa ngamani, chini kabisa ya chombo, na mashua ikilala upande kwa upepo yanawafuata abiria walipo. Mimi nilikuwa nimehangaikia jua, kumbe watu walikuwa wanateseka kuanzia chini.

Dawa yake ni chaga za kukanyagia juu ya maji hayo, kama za kitanda. Niliomba paleti mbili kwenye duka la saruji, nikazipasua vipande vya upana wa inchi tatu, nikaacha nafasi ya kidole kimoja baina yake. Sikupiga msumari. Msumari wa kawaida baharini huota kutu, kichwa kikainuka, kikamsubiri mtu aliyevua viatu. Nilizifunga kwa kamba ya nailoni juu ya miti miwili ya kukingamana, na nikazigawa vipande vitatu ili uweze kuinua kimoja bila kumwondoa abiria wa kipande kingine. Cha nyuma, karibu na tezi, kina tundu la kupitisha mkono na upo, chombo cha kukombea maji, maana huko ndiko maji yanakokusanyika.

Upo nao usinunue. Chukua dumu la lita tano lenye mkono, acha kifuniko kimefungwa, kisha kata kitako kwa mshazari kuanzia chini ya mkono. Plastiki yake inapinda kidogo, kwa hiyo inakomba mpaka pembeni mwa taruma, zile mbavu za mashua, ambako kopo haliingii. Ufunge kwa uzi. Wangu wa kwanza ulielea zake kuelekea Manda nikiutazama.

Baada ya miguu, makalio. Nilianza na kipande cha godoro kilichofunikwa nailoni. Maji yaliingia kwenye mshono, hayakutoka tena, na wiki ya tatu kikawa kinanuka kama ngisi aliyesahauliwa. Kitu kisichonywa maji kabisa ni malapa, na kusi, upepo wa kusini, hutuletea bure ufukweni. Chagua yale mazito, yasugue, katakata miraba, yapange matabaka mawili ndani ya gunia la nailoni, ushone kwa shazia na mshipi wa kuvulia. Lamu ndiko kulikojengwa Flipflopi, jahazi la plastiki taka lililovishwa malapa, likashushwa majini 2018. Mimi nimeishia kwenye mito sita, na nimeridhika. Ila usimruhusu mtu akalie jaketi la kuokolea maisha. Likibonyea kila siku, siku ya shida halitamwinua.

Sasa kivuli, ambacho karibu kituzamishe. Lile turubai la buluu nilikuwa nimelipigilia kwenye nguzo nne imara, fundi akanisifu. Julai moja tukawa tunabisha, yaani tunakwenda mshazari dhidi ya upepo, kwenye mlango wa Shela, njia ya bahari baina ya Lamu na Manda, kusi imechachamaa. Tanga letu ukiligeuza, foromali, ule mti unaobeba tanga, lazima ipitishwe mbele ya mlingoti na demani, kamba ya kuvutia tanga, izunguke nayo. Demani ikanasa kwenye nguzo. Tanga nusu huku, nusu kule, mashua imelala, maji yanachungulia. Mwana wa ndugu yangu alichomoa kisu cha samaki akakata kamba za turubai, likaruka kama kunguru. Sikulitafuta.

Cha sasa ni kitambaa cha marekani, cheupe, kwa sababu turubai la plastiki hupika watu na kupiga kelele. Pembeni hakina matundu ya chuma. Unaweka kokoto laini ndani ya ncha ya kitambaa, unaikunja, unafunga kamba shingoni mwake. Haichaniki, na kila kamba ina kitanzi cha kufunguka kwa mvuto mmoja. Nguzo zimechomekwa tu. Tukiwa kwenye tanga hakiwekwi. Watu wavae kofia. Ni cha kwenda kwa injini na cha kungojea maji yajae.

Na kungoja kupo. Ukikosea saa za maji kujaa na kupwa pale Mkanda, njia nyembamba baina ya Manda na bara, mashua inakaa kwenye tope na mikoko inakuangalia, na jioni mbu na usubi wanashuka kama wameitwa. Teremsha foromali, ilaze juu ya nguzo, ning'iniza chandarua cha kitanda, pindo zake uzibane chini ya mito ya malapa. Dumu la maji ya kunywa livishwe gunia bichi liwekwe penye upepo. Saa moja tu utaona tofauti. Chai mimi nabeba kwenye chupa. Kuna wanaopika kwa seredani ndani ya debe la mchanga, lakini palipo na petroli mimi siwashi kitu.

Jambo ambalo wanaume tunalisahau ni choo. Wanawake wengi hawanywi maji tangu alfajiri wakijua wana safari ya mashua. Nilifunga kamba kutoka mlingotini hadi ubavuni, nikatundika leso mbili nzito zenye kokoto pindoni zisipeperuke, nyuma yake ndoo yenye kifuniko. Hakuna aliyenishukuru, na sikutarajia mtu aizungumze. Ila naona chupa za maji zinafunguliwa njiani.

Kilichonishinda ni kelele ya injini. Nimejaribu mpira wa tairi chini ya kiti cha nyuma, mtetemo ukapungua, kelele ikabaki palepale. Mama mkwe sasa hukaa mbele, juu ya mito miwili, miguu mikavu, na akitaka kuniambia kitu anamtuma mjukuu.