Mkuu, usitume hiyo DXF kabla mkataji hajakurudishia kipimo

Mkuu simama kwanza. Umesema ofisini kwenu mnachora kwa programu ya SolidWorks, karakana itakayowakatia sahani inatumia programu nyingine, AutoCAD, na kuna mtu kakwambia "toa DXF ya R12, hiyo inafunguka popote". Ijumaa unatuma hiyo DXF, yaani faili la kuhamishia mchoro kutoka programu moja kwenda nyingine. Hiyo R12 ndiyo imefanya niache chakula nije kukujibu.

Kufunguka inafunguka, hilo sibishi. R12 ni muundo wa DXF wa 1992, na ndani yake hakuna mahali panaposema kama vipimo ni vya milimita au inchi. Zinakwenda namba tupu. DXF za kuanzia AutoCAD 2000 zina kitu kinaitwa $INSUNITS: 1 ni inchi, 4 ni milimita, 0 maana yake haijatajwa. Fungua DXF yako kwa Notepad, tafuta neno hilo, chini yake utakuta 70 kisha namba yenyewe. Usipoliona kabisa, huenda umeshika R12 au toleo jingine la kabla ya 2000.

Sisi tulikuwa na flanji za bomba, zile sahani zenye matundu za kuungia bomba kwa bolti, sahani ya mm 16, matundu ya bolti M20 kwenye duara la kipenyo cha mm 240. Modeli ya pampu ilitoka kwa muuzaji ikiwa ya inchi, tukajenga flanji juu yake. Kwenye mchoro vipimo vilionekana kwa milimita, safi kabisa, lakini faili lenyewe lilikuwa la inchi. Likatolewa R12, duara la 240 likaondoka likiwa 9.449. Kijana wa mashine ya leza ya kukatia chuma akafungua, akaona umbo dogo mno, akajua hizi ni inchi. Hapo alikuwa sahihi! Akakuza mara 25. Siyo 25.4, ambayo ndiyo milimita za inchi moja, mkuu. Mara 25.

Piga hesabu: 9.449 mara 25 ni 236.2. Kwa macho hakuna anayeliona hilo. Flanji zilikuja zimekatwa vizuri, kingo laini, tukazipakia saiti tukiwa tunafurahi. Duara limepungua karibu mm 4, kwa hiyo kila tundu limesogea ndani karibu mm 2, na tundu la mm 22 kwa bolti ya 20 linakuachia mm 1 tu kila upande. Bolti ya kwanza ikapita. Ya upande wa pili ikagoma. Mtu akashika grainda atanue matundu, tukamkatalia, maana hilo ni bomba la presha. Mzigo wote ukawa chuma chakavu, sahani zikanunuliwa upya, na muda wote huo kreni imesimama saiti inadai hela yake ya siku. Kompyuta ina kitufe cha kurudi nyuma, chuma hakina.

Aliyetufundisha mambo ya R12 ni yule yule aliyetuuzia programu. Kasimama mbele yetu na projekta yake, "DXF ni DXF tu, tumeni". Nikimkumbuka damu inachemka hadi leo. Unamlipa mtu mamilioni, halafu dakika mbili za kukuonyesha vipimo vya faili hana!

Na siyo mambo ya karakana ndogo tu. Ndege ya Airbus A380 ilichelewa vibaya, mwaka 2006 wakatangaza wenyewe: Hamburg walikuwa wanachora kwa programu ya CATIA toleo la 4, Toulouse CATIA toleo la 5, nyaya zilizotengenezwa Ujerumani zikafika Ufaransa hazienei kwenye ndege. Programu jina moja, matoleo mawili.

Kama unatuma modeli ya 3D, tumia faili la STEP, aina ya AP214 au AP242. Hiyo inabeba kipimo chake ndani, ingawa historia ya uchoraji haiendi, mwenzako atapata umbo tu. IGES, muundo wa zamani wa faili za 3D, achana nayo, toleo lake la mwisho ni la 1996 na mara nyingi nyuso zinafika zimeachana.

Lakini tuma chochote unachotaka, mpokeaji apime mwenyewe kwenye programu yake kabla ya kuwasha mashine. Chagua kipimo kirefu kuliko vyote, tuseme ni mm 600, na usimtajie namba, kwa sababu ukimtajia atakujibu "iko sawa bosi" bila hata kufungua faili. Mwambie aandike DIST, amri ya AutoCAD ya kupima umbali, abofye pembe hii na ile, akupigie picha ya skrini. Akikuletea 600, mpe PDF yenye vipimo, akate. Akikuletea 590.55, ujue kakuza mara 25 na sahani zako bado zimepona.

Ijumaa ikifika hajajibu, isogeze. Bosi akikasirika akasirike. Na leo ukipata nafasi, bandika hapa sehemu ya mwanzo ya hiyo DXF, kuanzia neno HEADER mpaka ENDSEC, niiangalie kabla haijatoka mikononi mwako.