Tazameni kanuni ya kura kabla ya jina la mkongwe

Swali la wiki hii lilikuwa: mwanasiasa aliyekalia kiti miaka mingi hurudishwa na nini, jina, fedha au mazoea ya wapiga kura? Vyote vitatu vina nguvu, lakini kuna la nne ambalo halitajwi majukwaani: nani anaruhusiwa kupiga kura ya mchujo, ile ya kuamua nani atagombea, na kura zinahesabiwaje. Mtazameni Lisa Murkowski wa Alaska, Marekani. Amegombea kiti kile kile cha Seneti, kinachopigiwa kura na jimbo zima, chini ya kanuni mbili tofauti.

Aliingia Desemba 2002 kwa kuteuliwa na baba yake, Frank Murkowski, aliyeuacha useneta huo akawa gavana. Akashinda 2004. Agosti 2010 mchujo wa chama chake cha Republican ukamwangusha. Joe Miller alimpita kwa kura kama 2,000. Katika mchujo ule wanachama wa Democratic, chama pinzani, hawakuruhusiwa kupiga kura, na siku ya mchujo wanaojitokeza kwa wingi ni wakereketwa. Mkongwe anayependwa na watu wa katikati huanguka hapo, kabla wananchi wote hawajaulizwa.

Tanzania, ambako hakuna mgombea binafsi, aliyeangushwa kwenye kura za maoni hubaki na njia ya kuhamia chama kingine tu. Alaska kulikuwa na mlango mwingine, mwembamba: jina la kuandikwa kwa mkono. Mpiga kura alitakiwa ajaze wino kwenye kiduara kilicho kando ya mstari mtupu, kisha aandike jina. Ukiandika jina ukasahau kiduara, kura hiyo haihesabiwi. Na jina lenyewe ni mtihani: k au c? Mwisho ni i au y? Kampeni yake ikagawa vikuku vya mkononi vyenye jina na kiduara kilichojazwa, watu wazione herufi na wino pamoja. Alishinda kwa tofauti ya kura zaidi ya 10,000. Miller alizipinga kura zaidi ya 8,000, nyingi kwa sababu ya tahajia, lakini hata zikiwekwa kando zote Murkowski alibaki mbele kwa zaidi ya 2,000. Mahakama ya Juu ya Alaska nayo ikasema nia ya mpiga kura ikisomeka, kosa la herufi haliiui kura.

Mwaka 2020 wananchi wakapitisha kanuni mpya. Mchujo ni mmoja kwa wagombea wa vyama vyote, wanne wa juu wanavuka, na Novemba mpiga kura anawapanga: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho anaondolewa na karatasi zake zinahamia kwa chaguo linalofuata.

Kanuni hiyo ilimkuta Murkowski pabaya. Alikuwa amepiga kura ya kumtia Donald Trump hatiani katika kesi iliyosikilizwa na Seneti Februari 2021, chama jimboni kikamkemea rasmi, Trump akamuunga mkono Kelly Tshibaka, mpinzani wa Murkowski ndani ya chama. Kwa mchujo wa zamani, naamini angeanguka tena. Novemba 2022 chaguo la kwanza lilimpa asilimia 43.4, Tshibaka 42.6, Patricia Chesbro wa Democratic 10.4, na Buzz Kelley karibu 3. Kelley alikwishajitoa na kumuunga mkono Tshibaka, lakini jina lake lilibaki kwenye karatasi. Raundi za mwisho zilihesabiwa Novemba 23, siku 15 baada ya uchaguzi, ili kura za posta zifike. Chesbro alipoondolewa, karatasi kama 20,000 zilikwenda kwa Murkowski na zaidi kidogo ya 2,000 kwa Tshibaka. Ikawa 53.7 kwa 46.3.

Hapa ndipo wengi hukosea. Chaguo lako la pili halimdhuru wa kwanza hata kidogo, kwa kuwa halisomwi mpaka huyo wa kwanza awe ameondolewa. Kumjaza mtu mmoja safu zote nne hakumwongezei kitu. Ukiwapa wawili nafasi moja, karatasi inakufa ikifika hapo. Ukiruka nafasi moja, kura inasogea kwa anayefuata. Ukiruka mbili mfululizo, inasimama. Na ukimchagua mmoja tu, akiondolewa, karatasi yako inatoka kabisa kwenye hesabu, na nusu inayotafutwa inakuwa nusu ya karatasi zilizobaki. Wafuasi wa Chesbro walioacha nafasi ya pili tupu waliwaachia wengine wawachagulie seneta, na hilo linauma kuliko kushindwa.

Mwaka 2024 kanuni yenyewe ilirudishwa kwa wananchi, ifutwe au ibaki. Ilipona kwa tofauti ya kura zisizofika 800 katika jimbo zima.