Darubini ya "mara 675" na Nyota ya Kaskazini isiyoonekana Kigoma

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Bangwe, Kigoma. Shemeji yangu aliyeko Ujerumani ameniletea darubini ya kioo cha milimita 114, umbali wa fokasi milimita 900. Ina lenzi za jicho tatu (za fokasi ya milimita 25, 10 na 4), kijibomba cha Barlow cha kuzidisha ukuzaji mara tatu, na stendi yenye fimbo ya uzito. Boksi linasema inakuza mara 675. Nikitazama Mshtarii (sayari ya Jupita) naona doa la ukungu linalotetemeka na kukimbia. Kitabu cha maelekezo kinanitaka kwanza nielekeze stendi kwenye Nyota ya Kaskazini, nami nimeitafuta mpaka shingo inauma. Darubini ni mbovu, au mimi ndiye sijui?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Darubini ni nzima na wewe huna kosa. Wanaokusumbua ni wawili: aliyeandika boksi, na aliyeandika kitabu akidhani kila mnunuzi anaishi Ulaya.

Tuanze na hiyo 675. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa fokasi ya darubini (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana kuwa picha) kwa fokasi ya lenzi ya jicho. Kwa lenzi ya 25 unapata 36, kwa ya 10 unapata 90, kwa ya 4 unapata 225. Ukiichomeka hiyo ya 4 kwenye Barlow, zinatoka 675. Kihesabu hujadanganywa, ila kioo chako hakikusanyi mwanga wa kutosha kazi hiyo. Kanuni ya kawaida ni kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya kipenyo cha kioo kwa milimita. Kwako ni 228, tena usiku ambao hewa imetulia kabisa. Ukitoka 90 kwenda 675, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo kubwa mara 56, basi ukungu lazima uje. Na kule kukimbia ni dunia inavyozunguka, digrii 15 kwa saa: kwa 675 sayari inakatiza tundu lako chini ya sekunde 20, kwa 90 unakaa nayo dakika mbili hivi.

Barlow iweke kabatini. Mchana, weka lenzi ya 25, lenga mnara wa simu ulio mbali, upande ambao jua halipo, kisha kaza skrubu za kilengeo, kile kifaa kidogo cha ubavuni cha kulengea, mpaka nacho kionyeshe ncha ileile. Jioni toa darubini nje saa nzima kabla ya kutazama, kioo kipoe. Usitazame juu ya paa la jirani. Mabati yaliyoshinda juani hutoa joto hadi usiku, na joto hilo ndilo linaloitetemesha sayari.

Ukishafanya hayo, rudi kwa Mshtarii na lenzi ya 25. Utaona kiduara kidogo na vinukta hadi vinne vimejipanga karibu mstari mmoja: Io, Europa, Ganymede na Callisto, miezi aliyoiona Galileo Januari 1610. Ukipungukiwa na mmoja usihangaike, huenda uko mbele au nyuma ya sayari. Badili uweke ya 10 na mikanda miwili ya kahawia itajitokeza. Wape wanafunzi daftari wachore nafasi za vinukta kila usiku. Io humaliza mzunguko kwa siku 1 na saa 18, kwa hiyo hata mvivu wa darasa ataona tofauti kesho yake. Na chombo cha anga cha Ulaya kiitwacho JUICE, kilichorushwa Aprili 2023, kiko njiani kuelekea huko. Kinatarajiwa kufika 2031.

Sasa Nyota ya Kaskazini. Kimo chake angani hulingana na latitudo ya mtazamaji. Kigoma iko karibu digrii 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho, mwaka mzima. Stendi yako ingepaswa kuelekea ncha ya kusini ya anga, yaani mahali ambapo nyota za kusini huonekana kupazunguka, digrii 5 tu juu ya ardhi, ambako hakuna nyota angavu ya kulengea, ni miti na ukungu. Tena mhimili ukilala kiasi hicho, stendi nyingi ndogo hugota, au fimbo ya uzito inagonga mguu.

Mimi nisingepigana nayo. Legeza bolti ya latitudo, ile inayobadili mlalo wa mhimili, usimamishe mhimili mkuu wima kama stendi inakubali, kaza. Sasa darubini inakwenda kushoto na kulia, juu na chini, basi. Ikigoma, mpelekee seremala akutengenezee kisanduku cha plaiwudi kinachozunguka juu ya vipande vya plastiki ngumu, kwa mtindo aliouleta John Dobson kule Marekani. Kwa kutazama kwa macho, mtindo huo naupenda kuliko stendi yoyote ya bei hiyo.

Huyo mwandishi wa kitabu angekuonea wivu. Sayari zikifika katikati ya safari yake hapo kwako huwa juu ya digrii 60, wakati mtu wa London kuna miaka anaiona Mshtarii kwenye digrii 15, ndani ya hewa nzito. Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa unavipata usiku mmoja wa Mei. Tatizo lako ni ziwa. Usiku wa giza unaoutaka wewe ndio wanaoutaka wavuvi wa dagaa, na taa zao zikitandazwa kuanzia Kibirizi, upande wa magharibi unaharibika. Mbalamwezi ikija wao wanapumzika, lakini mwezi nao unafuta nyota hafifu. Tazama mashariki na utosini. Huku Tabora hatuna taa za ziwani, ila Agosti na Septemba moshi wa moto wa misitu unatukomesha.

Kama ndani ya boksi kuna kichujio cheusi cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kivunje leo. Joto linaweza kukipasua ukiwa unatazama, na jicho halirudi.

Picha ikibaki na mkia hata kwa lenzi ya 25, vioo havijakaa sawa. Ipige picha kwa simu nyota angavu ikiwa nje ya fokasi, yaani imetanuka kuwa kiduara, unitumie kabla hujagusa skrubu za kioo kikubwa.