Kwa nini mtangazaji wako wa asubuhi hapa Dodoma amepotea bila kuaga

Wakuu, habari za jioni.

Mleta uzi anasema mtangazaji wa asubuhi aliyemzoea kwa miaka mitatu hapa Dodoma hasikiki tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Kiti kimekaliwa na mtu mwingine ambaye jina la mwenzake halitaji kabisa, na meseji za kuuliza hazisomwi. Anataka kujua kama dada yule amefukuzwa, anaumwa, au kuna nini. Wachangiaji wengi wamejibu kwa kukisia. Mimi nimekaa kwenye studio za mji huu miaka 11, mitano nikiwa mtangazaji na sita nikiwa msimamizi wa vipindi, nikatoka mwaka juzi. Stesheni nilizofanyia kazi sitazitaja, na aliko dada huyo sitaandika hata nikijua, kwa sababu hilo ni lake kulisema.

Ila kuna jambo moja kwenye maelezo yako, mkuu, linalotoa jibu. Umesema aliyemrithi aliingia Jumatatu hiyohiyo na jingo lake tayari, kile kipande kifupi cha kutambulisha kipindi, lina jina lake na muziki wake. Jingo haliokotwi. Linaandikwa, linatafutiwa sauti, linakaa kwa prodyuza siku tatu, nne, wiki. Mtu akiondoka kwa ugomvi, saa yake hujazwa muziki mtupu siku kadhaa, au hupachikwa mtu wa michezo asiyejua hata pa kuanzia. Kwa hiyo menejimenti ilijua mapema kwamba dada anaondoka. Kwa uzoefu wangu, huyo ametoa notisi mwenyewe, amepata pengine, na amekatazwa kuaga. Usimwombee kama mgonjwa.

Sasa kwa nini wanaondoka sana, na kwa nini hawaagi. Hayo ni maswali mawili, na la pili ndilo linaloniuma.

Kuondoka kwenyewe kuna sababu zinazoeleweka. Kabla ya Sheria ya Utangazaji ya 1993 nchi hii ilikuwa na Redio Tanzania, na mtangazaji wa RTD alikaa hapo mpaka nywele zikawa nyeupe. Leo ukizungusha kitafutio hapa mjini unakutana na Mwangaza FM ya Kanisa Katoliki, Dodoma FM, Nyemo, A FM, Rasi, halafu TBC na redio kubwa za Dar es Salaam zenye mitambo yao hapahapa. Leseni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zina ngazi: ya wilaya, ya mkoa, ya kitaifa. Redio yenye leseni ya wilaya inagombea sikio lilelile na redio ya kitaifa, lakini tangazo la kampuni ya simu au la bia linapangwa Dar, na redio ya huku mara nyingi haimo kwenye hesabu. Inabaki na duka la vifaa vya ujenzi, shule binafsi, hospitali ya meno na wauza viwanja. Fedha hiyo ndiyo inayolipa umeme, kodi ya mnara, ada ya leseni, na mwishoni kabisa watu. Mimi nilianza kwa kile tulichokiita kujitolea, nauli ya shilingi 3,000 kwa siku niliyoingia zamu. Kutoka Chang'ombe saa kumi na nusu alfajiri bodaboda peke yake ilikula nusu.

Halafu Serikali ikahamia. Tamko la 2016 lilipoanza kutekelezwa, wizara zikaja, mji wa Serikali wa Mtumba ukajengwa, na kila wizara, taasisi na halmashauri ina kitengo cha mawasiliano serikalini kinachohitaji mtu anayejua kuandika habari, kushika maiki na kuongea na umma. Huyo mtu tulikuwa tunaye sisi. Kijana anakwenda Mtumba kurekodi mkutano wa waziri, anakutana na mwenzake waliyesoma darasa moja ambaye sasa ni afisa habari, ana bima ya afya, anakatwa michango ya pensheni, mshahara wake unaingia kila mwezi. Anarudi studio anatulia. Ukimwona ameanza kuvaa shati la kuchomekea siku ya kawaida, ujue amejaza maombi Sekretarieti ya Ajira. Kwenye timu yangu ya watu tisa, wanne walienda njia hiyo ndani ya miaka mitatu. Siwezi kuwalaumu.

Mlango mwingine ni wakati wa Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni. Redio za Dar hushusha watu wao hapa, hukodi watoto wetu kama vibarua wa kuwatafutia wageni wa mahojiano na kurekodi pale viwanjani, na Julai ikifika wamekwishajua nani ana sauti na nani anajituma. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mtu anapanda asubuhi, anafanya usaili Dar, na jioni yuko nyumbani kwake Area C. Hata zamu ya kesho haimpiti.

Na kuna waliotoka kwa sababu ya vyeti. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ndiyo iliyounda Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zake zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Nimefanya kazi na watu wenye vipaji vikubwa walioishia kidato cha nne. Baadhi wamerudi chuo, baadhi wamehamia kwenye muziki na ushereheshaji.

Kuhama si dhambi, na kwenye fani yetu hakujawahi kuwa dhambi. Marehemu Charles Hilary, aliyetutoka Mei 2025, alitokea RTD akapita Radio One, Deutsche Welle, BBC, Azam, akamalizia Ikulu ya Zanzibar, na kila alipokwenda wasikilizaji walimfuata kwa mapenzi yaleyale. Kwa hiyo tatizo langu haliko kwenye kuhama. Tatizo ni kumficha msikilizaji.

Watu wa nje hawaoni kinachosababisha ukimya huu. Mtangazaji wa huku halipwi kwa sauti tu. Anatafuta sponsa mwenyewe, anapewa kamisheni. Mwenye duka pale Majengo hamjui mwenye redio, anamjua huyu dada anayemsalimia kwa jina kila asubuhi. Siku dada akisema hewani "wiki ijayo mtanikuta mahali fulani", sponsa naye anahama. Ndiyo maana menejimenti inakata kamba usiku. Nimekaa kwenye vikao hivyo, naijua hofu ile, na mishahara ya watu inategemea mkataba huohuo wa duka. Lakini bado nasema ni kosa, na nasema hivyo kwa sababu yalinipata.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Nilikuwa nimepata kazi kwenye stesheni nyingine hapahapa mjini, nikaandika notisi ya siku 28 kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi. Niliomba siku ya mwisho nipewe dakika kumi za kuaga. Nikajibiwa kwa barua ya mistari minne kwamba notisi imepokelewa, nitalipwa siku hizo, na nisiingie hewani tena kuanzia saa hiyo. Nikapanda studio kuchukua daftari langu la salamu. Fundi mitambo alikuwa ameketi kwenye kompyuta ya kurushia matangazo, amevaa hedifoni ili spika za chumba zisitoe sauti, anafungua mafaili yenye jina langu moja baada ya jingine, anasikiliza sekunde mbili kuhakikisha, anafuta. Jingo la kufungulia. La saa. La kwenda kwenye habari. Lile la Krismasi ambalo binti yangu alisema "sikukuu njema" akiwa na miaka minne. Alijua nimesimama nyuma yake. Tulikuwa tumekula naye chipsi mayai mezani palepale kwa miaka mitano. Hakugeuka, na mimi sikumsemesha, kwa sababu alikuwa ametumwa na ana watoto.

Kuna bibi mmoja wa Mvumi aliyekuwa akituma salamu kila Jumanne kupitia simu ya mjukuu wake, kwa mwanawe dereva wa lori la Singida. Siku ya kwanza nilipomsoma hewani nilimwanza kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwa, bibi", na tangu hapo hakukosa. Nilipotoweka alisubiri Jumanne tatu. Ya nne akapanda Noah mpaka mjini na mfuko wa karanga, akaulizia mpaka akafika getini. Mlinzi alikuwa ameagizwa kuwajibu wote kwamba niko likizo. Bibi akamwambia, "Mwanangu, mtu wa likizo anarudi. Huyu amekufa mnanificha." Akaziacha karanga, akasema zipelekwe kwenye msiba. Mlinzi alinisimulia baada ya miezi minane, tulipokutana Soko la Ndugai. Nilitafuta namba ya yule mjukuu nikampigia bibi, akapokea, akanyamaza muda mrefu, akaniuliza jina la mwanawe ili ahakikishe ni mimi kweli.

Tangu siku hiyo sikubali hoja ya kwamba msikilizaji "atazoea". Anazoea, ndiyo, lakini anazoea kutokutuamini. Ukimdanganya kuhusu aliko mtu anayemsikia kila siku, kesho ukimsomea habari ya bei ya mahindi Kibaigwa atajiuliza kama hilo nalo ni kweli.

Kwa vijana wanaosoma uzi huu na wako ndani ya kazi: dai mkataba wa maandishi, hata kama ni wa miezi sita. Anayejitolea bila karatasi hana notisi, hana mafao, hana pa kushika. Ukiachishwa isivyo halali unaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini una siku 30 tu, na nimeona wawili waliochelewa kwa sababu walikuwa wakisubiri kuitwa kwa maneno ya "tutakupigia". Na kabla hujasaini, soma kipengele cha sponsa: ukiondoka, kamisheni ya mikataba inayoendelea ni ya nani. Ugomvi mwingi niliosuluhisha ulianzia hapo.

Nilipopewa usimamizi wa vipindi, jambo la kwanza nililoliomba ni kila anayeondoka vizuri apewe dakika za kuaga. Nilikataliwa mwaka mzima. Siku kijana wetu wa asubuhi alipopata uafisa habari kwenye halmashauri moja, nikaamua kufanya bila ruhusa. Saa tatu kasoro dakika kumi nikamwingiza na mwenzake aliyekuwa anamrithi, maiki mbili, wakasoma salamu za mwisho pamoja, huyu jina moja, yule jina moja. Akasema anakwenda kutumikia wananchi kwa namna nyingine, hakutaja mahali, akamkabidhi mwenzake hedifoni, na kelele ya kuvua ikasikika hewani. Mwenye stesheni alinipigia mara tatu kipindi kikiendelea. Sikupokea. Saa tano akapiga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yule mdhamini wetu mkubwa, nikajua imekwisha. Akauliza yule kijana mpya anaitwa nani, hakulishika jina vizuri. Nikamtajia. Akasema Jumatatu nimpeleke dukani wafahamiane.

Nilipewa barua ya onyo, ninayo. Lakini waliofuata waliaga wote, na hakuna aliyenizuia tena.

Mleta uzi, kama unataka kujua ukweli wa dada yako, usitume meseji nyingine kwenye namba ya studio. Zinaonekana kwenye kioo cha mtangazaji aliyeko zamu, naye amekatazwa kuzisoma, unamtesa bure. Andika barua ya karatasi, majina yako na kijiji chako au mtaa wako, mwandikie msimamizi wa vipindi, useme umemsikiliza kwa miaka mitatu na unaomba apewe nafasi ya kuaga hata kwa sauti iliyorekodiwa. Ipeleke mapokezi mwenyewe, igongwe muhuri, ubaki na nakala. Wakiwa watano kama wewe, hiyo barua itasomwa kwenye kikao cha Jumatatu. Ikiwezekana tafuta na wasikilizaji wenzako wa kundi la salamu, mnajuana majina, msaini pamoja.